Makato Tunayajua, Mshahara Hatuujui

Anayetaka kujua mfanyakazi wa nyumbani nchini Tanzania hapaswi kulipwa chini ya kiasi gani, hahitaji kuwa na ndugu wizarani. Kiwango hicho huandikwa kwa shilingi katika Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara, kama ile iliyoanza kutumika Januari 2023, na hutangazwa katika Gazeti la Serikali pamoja na kiwango cha mlinzi na cha kibarua wa shambani. Anayetaka kujua mshahara wa Rais naye ana pa kuanzia: mwaka 2017 Hayati Rais John Magufuli alisema hadharani, mbele ya viongozi wa serikali za mitaa, kwamba alikuwa akilipwa shilingi milioni 9 kwa mwezi. Lakini anayetaka kujua Afisa Habari Daraja la II analipwa kiasi gani, yule ambaye kazi yake yote ni kuwapa wananchi habari za Serikali yao, atakutana na herufi nne tu: TGS D.

Nalijua hili kwa ushahidi wa darasani. Wengi wa wanafunzi wangu wanasomea mawasiliano ya umma na uhusiano, na muhula uliopita niliwapa zoezi lililoonekana jepesi. Kila mmoja achague kazi moja ya uhusiano wa umma ambayo angependa kuifanya, kisha aifanyie utafiti kwa kutumia tovuti za Serikali peke yake. Aeleze majukumu, sifa za mwombaji, ngazi za kupanda, mshahara, na kiasi kitakachobaki mfukoni baada ya makato. Niliwakataza kumpigia simu mjomba. Niliwakataza pia makundi ya WhatsApp, ambako majedwali ya mishahara ya miaka iliyopita huzunguka yakiwa yamepigwa picha kwa simu, kona moja imekatika, muhuri hausomeki, na hakuna ajuaye kama bado yanatumika.

Nilitaka wajifunze kusoma dola kupitia kile inachokichapisha yenyewe. Walijifunza zaidi kutokana na kile isichokichapisha.

Nianze na mazuri, kwa sababu yapo na ni ya kweli. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliyopata uhai wake katika marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma, imefanya kazi ambayo kizazi changu hakikuiona. Sisi tulitembea na bahasha za kaki kutoka ofisi moja hadi nyingine, tukiacha nakala za vyeti kwa makatibu muhtasi waliozitumia kuwekea vikombe vya chai. Leo kijana aliyeko Kasulu anaona tangazo lile lile, siku ile ile, na mwenzake aliyeko Masaki. Tangazo linaeleza majukumu moja baada ya jingine, linataja shahada zinazokubalika, linaweka ukomo wa umri wa miaka 45. Anayekusanya matangazo ya miaka miwili au mitatu ya kada moja anapata picha nzuri ya soko: ni taasisi gani zinaajiri, zinarudia kutaka ujuzi gani, ni lini sifa ya kutumia kompyuta ilianza kuwa sharti badala ya nyongeza.

Hapo kuna mtego mmoja ambao uliwanasa wengi. Kazi hii haina jina moja. Wizarani na kwenye halmashauri utaikuta zaidi kwa jina la Afisa Habari. Katika mashirika ya umma ni Afisa Uhusiano, au Afisa Uhusiano na Masoko, au Afisa Mawasiliano. Mwanafunzi aliyetafuta neno “uhusiano” peke yake alirudi akisema Serikali haiajiri watu wa fani yake, wakati matangazo yalikuwepo tele. Hata Shirika la Kazi Duniani, katika orodha yake ya kazi ya mwaka 2008, limewaweka wataalamu wa uhusiano wa umma kwa namba 2432, katika kundi moja na watu wa mauzo na masoko, huku waandishi wa habari wakiwa mbali, kwenye namba 2642, jirani na wanasheria na wanasayansi ya jamii. Utumishi wetu wa umma unazifuma kazi hizo mbili katika mtu mmoja, unampa kamera, na kumwita Afisa Habari. Si jambo dogo. Mwandishi hufunzwa kumuuliza mkubwa, mtu wa uhusiano hufunzwa kumsemea mkubwa, na anayepewa kofia zote mbili hujua upesi ni ipi itakayomletea matatizo.

Kwa hiyo niliwaelekeza wasome pia kazi yenyewe, maana kila tovuti ya wizara ni maonyesho ya kazi za Afisa Habari. Fungua ukurasa wa habari wa wizara yoyote. Kiongozi amefungua kikao. Kiongozi amefunga kikao. Kiongozi amekagua mradi na kutoa maelekezo. Picha ya kiongozi akiwa katikati, picha ya pamoja, picha ya kiongozi akipokea ngao. Katika habari kumi, huwa ni bahati kukutana na moja inayomweleza mwananchi afanye nini, aende dirisha lipi, alipe kiasi gani, asubiri siku ngapi. Hayo sio makosa ya maafisa hawa. Nimewafundisha baadhi yao, najua uwezo wao. Ni matokeo ya kupimwa kwa idadi ya matukio yaliyoripotiwa. Lakini kijana anayetaka kujua atakuwa akifanya nini saa tatu asubuhi siku ya Jumatano, ukurasa huo utamweleza ukweli kuliko orodha ya majukumu: atakuwa kwenye msafara, gari la nyuma, akiandika aya ya kwanza kwa simu.

Majukumu yalipatikana, basi. Sifa zilipatikana. Ngazi za kupanda zilipatikana pia, kwa sababu miundo ya maendeleo ya utumishi inaeleza namna mtu anavyotoka Daraja la II kwenda la I, kisha kuwa Mwandamizi na Mkuu, huku herufi ya mshahara ikipanda naye. Tulipofika kwenye shilingi, darasa zima likasimama.

Matangazo ya wizara na halmashauri yanasema TGS D. Matangazo ya mashirika yana herufi zake nyingine, na mengine yanasema tu kwamba mshahara utazingatia viwango vya taasisi husika, maneno ambayo hayamwambii kitu mtu asiye ndani ya taasisi hiyo. Ni sawa na kumwandikia mpangaji kwamba kodi ya chumba itakuwa ile anayoijua mwenye nyumba. Mtumishi mwenyewe anaweza kufungua hati yake ya mshahara kwenye mfumo, lakini anaiona ya kwake tu.

Kinyume chake, upande wa makato hauna siri hata moja, na hapa ndipo wanafunzi walipoanza kucheka, kicheko kile cha watu waliogundua kitu. Tovuti ya Mamlaka ya Mapato Tanzania inaweka wazi viwango vya kodi ya mshahara na ina kikokotoo chake (neno hili nalitumia kwa hadhari, najua linavyowauma wastaafu). Mchango wa mtumishi kwenye mfuko wa PSSSF ni asilimia 5. Wa bima ya afya ya NHIF ni asilimia 3. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa aliyesoma kwa mkopo, na wengi wao wamesoma hivyo.

Tuchukue shilingi 1,000,000, kiasi nilichokichagua kwa urahisi wa hesabu na si kwa kudokeza lolote. PSSSF inaondoka na 50,000. Kodi inatozwa kwenye 950,000 zinazobaki, na kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 inakuwa 115,500. NHIF 30,000. Bodi ya Mikopo 150,000. Jumla ya makato ni 345,500, na mwenye mshahara wa milioni moja anakwenda nyumbani na 654,500, kabla ya chama cha wafanyakazi hakijadai chake. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliweza kufanya hesabu hiyo yote kwa kutumia tovuti nne za umma, mpaka shilingi ya mwisho. Serikali ilimweleza kila senti itakayomtoka. Haikumweleza zitatoka katika kiasi gani.

Mmoja wao alikwenda mbali zaidi, na kazi yake ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Alifungua vitabu vya makadirio ya bajeti kwenye tovuti ya Wizara ya Fedha, kile cha matumizi ya kawaida, akashuka hadi kwenye fungu la wizara moja, akakuta Kitengo cha Mawasiliano Serikalini kikiwa na kasma yake. Mishahara ya kitengo kizima ipo pale kwa jumla yake. Posho za safari zipo. Magazeti yapo, viburudisho vipo. Kilichokosekana ni idadi ya watumishi wa kitengo na madaraja yao, kwa hiyo hakuwa na cha kugawia. Aliandika sentensi moja ambayo niliipigia mstari: kwamba anajua wizara hiyo imepanga kutumia kiasi gani kwa chai ya maofisa, lakini hajui imepanga kumlipa yeye kiasi gani.

Wengine, walipokwama nyumbani, walivuka mipaka. Hili nililitarajia, na nadhani lina faida likifanywa kwa akili. Idara ya takwimu za kazi ya Marekani huchapisha kitabu cha mwongozo wa kazi mtandaoni, bure kwa yeyote duniani: kwa wataalamu wa uhusiano wa umma, mshahara wa kati mwezi Mei 2023 ulikuwa dola 66,750 kwa mwaka. Kuna mwanafunzi aliyechukua kiasi hicho, akakigawa kwa 12, akakizidisha kwa bei ya dola ya wiki ile, akahitimisha kwamba fani yake inalipa vizuri mno. Inalipa vizuri kule Ohio. Hakuna anayekodi chumba Tabata kwa takwimu za Ohio. Kilichostahili kuchukuliwa kule ni utaratibu. Tangazo la kazi ya uhusiano katika serikali ya Marekani, kazi za kundi namba 1035, linaonyesha mshahara wa chini na wa juu kwa dola, na jedwali la ngazi zote liko wazi. Uingereza hufanya vivyo hivyo.

Tusiseme hayo ni ya matajiri. Vukeni Namanga tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 230, iliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu, na Tume ya Utumishi wa Umma ya huko hutangaza nafasi zake zikiwa na mshahara wa msingi, posho ya nyumba na posho ya usafiri, vyote kwa shilingi za Kenya. Wakenya wana malalamiko mengi kuhusu mishahara ya wakubwa wao, na wana haki nayo. Lakini wanalalamika wakiwa na namba mkononi, na mjadala wenye namba huwa na mwisho.

Nimewahi kulizungumza hili na watumishi wenzangu, na hoja zinazorudi ni mbili.

Ya kwanza ni kwamba mshahara ni siri ya mtu. Nakubali, na ningekuwa wa mwisho kutaka hati ya mshahara wa jirani yangu ibandikwe ukutani. Lakini jedwali la TGS halina jina la mtu. Ni bei ambayo umma umekubali kulipa kwa kiti fulani, yeyote atakayekikalia. Siri ya mtu huanzia pale anapokatwa deni la SACCOS. Kabla ya hapo ni fedha ya mlipakodi.

Ya pili ina uzito zaidi: mishahara ikitangazwa, bei hupanda sokoni na wenye nyumba huamka. Hoja hii ina historia, na anayekumbuka miaka ya nyuma anajua si uzushi mtupu. Hata hivyo tazama kilichofanyika Mei Mosi ya mwaka 2025 kule Singida. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza uwanjani, mbele ya kamera zote, kwamba kima cha chini kwa watumishi wa umma kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Kama kutangaza ndiko kunakopandisha bei, basi tumekwisha kutangaza kwa sauti kubwa kuliko zote, na tumeitangaza ile ngazi ya chini ambayo mwenye nyumba na muuza unga huitazama kwanza. Jedwali la ngazi za juu yake, likiwekwa kimya kimya kwenye tovuti ya Ofisi ya Rais – Utumishi, litamshtua nani?

Hasara ya ukimya huu haimwangukii kila mtu sawasawa. Mtoto wa mtumishi anajua TGS D ni kiasi gani, ameisikia mezani tangu akiwa kidato cha pili. Mtoto wa mvuvi wa Kilwa hajui, na anaanza safari akiwa na giza ambalo mwenzake hana. Katiba yetu, katika Ibara ya 22, inampa kila raia fursa sawa ya kushika kazi iliyo chini ya mamlaka ya nchi. Tangazo moja linalosomwa kwa maana kamili na mmoja, na kwa nusu ya maana na mwingine, linaipunguza fursa hiyo kabla usaili haujaanza.

Na giza hilo linavuka hadi sekta binafsi, ambako ndiko wengi wa wahitimu wangu watakakoishia. Swali linaloogopwa kuliko yote kwenye usaili wa jijini Dar es Salaam halihusu nadharia wala mikakati: “Unategemea kulipwa kiasi gani?” Binti mmoja niliyemfundisha, mwandishi mzuri kwa lugha mbili, aliulizwa hivyo na kampuni ambayo sitaitaja. Akataja shilingi 350,000 kwa sababu ndicho alichoona hakitawaudhi. Wakakubali mara moja, bila hata kutazamana, na hapo hapo akajua. Alifanya kazi mwaka mzima akisimamia kurasa za wateja watatu na kuandika hotuba za mkurugenzi, usiku na siku za sikukuu. Kama Serikali, mwajiri mkubwa kuliko wote nchini, ingekuwa imeweka mezani bei yake ya mhitimu wa shahada anayeanza kazi hiyo hiyo, angekuwa na jiwe la kukanyaga. Angeweza kusema kwa adabu: mnajua Serikali huanzia hapa. Hakuwa na “hapa.” Ofisi ya Taifa ya Takwimu inatoa wastani wa mapato ya wafanyakazi wa sekta rasmi kwa mkondo wa shughuli za uchumi na kwa jinsi, kazi muhimu ambayo naitumia kila mwaka. Lakini wastani wa mkondo mzima, wenye mhasibu na mpishi na meneja ndani yake, haumsaidii mtu aliyekaa mbele ya jopo la usaili.

Kwa maafisa habari wenyewe nina neno la kando, kwa heshima. Ninyi ndio mnaoweka maudhui kwenye tovuti hizi. Kila mwaka mnakutana kwenye kikao kazi chenu na kuhimizwa kuutangazia umma kazi za Serikali. Jedwali hili ni habari, na ni habari ambayo ingesomwa kuliko picha zote za ufunguzi wa warsha mlizopakia tangu Januari. Najua hamuwezi kulipakia bila idhini. Kuliomba kikaoni hakuhitaji idhini.

Sheria ipo tayari. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayotumika Tanzania Bara, inamruhusu raia kuiomba taasisi ya umma taarifa iliyo mikononi mwake, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Sheria hiyo ina mipaka mingi, na faragha ya mtu binafsi ni mojawapo, lakini jedwali lisilo na majina sioni linavyoingia humo. Kama lipo fungu linalolizuia, nitafurahi kulionyeshwa kwa maandishi.

Kwa hiyo zoezi la muhula huu nimelibadilisha. Wanafunzi wanaandika barua. Zina aya tatu: anayeomba ni nani, anaomba nini, kwa kifungu gani. Wanaomba viwango vya TGS vinavyotumika sasa kwa shilingi, kuanzia ngazi ya kwanza hadi ya mwisho ya kila herufi, na kiasi cha posho zinazoambatana na cheo cha Afisa Habari kama zipo. Hawaombi jina la mtu yeyote. Kila barua itapelekwa kwa mkono, nakala itagongwa muhuri wa kupokelewa masjala, na tarehe ya muhuri huo itaandikwa ubaoni darasani. Majibu yatakayokuja, na yale yasiyokuja, nitayachapisha hapa siku ya 31.